Mume wangu hataki niende kuchukua chakula kwa Wayahudi

Swali: "Mimi ni Mkongomani wa Uvira, mama wa watoto watano. Tuliishi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, miaka kumi na minne, ndipo tukaletwa hapa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kadi ya kijani bado hatujapata. Tulipoenda kufanya upya kadi ya chakula wakatukatalia. Mume anafanya kazi ya usiku, mshahara wote unaishia kwenye nyumba. Jirani ameniambia kuna shirika la Wayahudi linatoa chakula, na tena lina kikundi cha akina mama cha afya, wanakiita welnesi. Mume anasema sisi ni Waislamu, tutafuata nini kwa Wayahudi, watatubadilisha dini, na kuomba chakula kutaharibu karatasi zetu. Kikundi hicho anasema ni cha vichaa. Nifanyeje?"

Jibu:

Salamu, Mama. Kabla sijahamia Pennsylvania nilifanya kazi ya lishe Nyarugusu, kwa hiyo foleni ya mgao naijua: unga, maharage, mafuta, chumvi, na karani anayekuita kwa nambari. Mtu aliyesimama foleni hiyo miaka kumi na minne ana haki ya kuichoka. Nadhani hata mumeo, chini ya hayo anayoyasema juu ya Wayahudi, amechoka tu kuwa mtu wa kupewa. Basi nitawajibu wote wawili.

Nianze na kadi ya chakula, maana ndiyo iliyokufikisha hapa. Hukukosea fomu, wala hakuna aliyekufitini ofisini. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP, ndiyo hiyo kadi ya chakula, wakimbizi na watu waliopewa hifadhi ambao bado hawana ukaaji wa kudumu. Kabla ya hapo mkimbizi alistahili tangu wiki aliyoshuka ndege. Siku mtakayopata kadi ya kijani, rudini mkaombe upya. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: kama katika hao watano yupo uliyemzalia hapa Marekani, yeye ni raia, na anaweza kubaki kwenye kadi hata wazazi wakitolewa. Muulize kesiwoka wako, yule anayeshika faili lenu, swali hilo kwa maneno hayohayo.

Na usisahau yaliyobaki wazi. WIC, mpango wa chakula cha mama na mtoto, haiulizi hati ya uhamiaji. Ni ya mjamzito, anayenyonyesha na mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano. Shule za umma za Pennsylvania zinatoa kifungua kinywa bure kwa kila mwanafunzi. Watoto wako wakilishwa mkate nyumbani saa kumi na mbili kisha wakapita mlango wa kantini bila kuingia, unalipa mara mbili.

Sasa hofu ya karatasi. Haikutoka hewani. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina kipengele kinachomruhusu afisa kumkatalia mtu anayeonekana atakuwa mzigo kwa serikali, na mabishano juu ya kipengele hicho yamewatia watu woga kwa miaka. Lakini sheria yenyewe imemtoa mkimbizi humo: anapoomba kadi ya kijani kwa njia ya ukimbizi, kipengele hicho hakimhusu. Na mfuko wa mchele kutoka ghala la shirika haumo hata katika hesabu za wale kinaowahusu. Maombi ya kadi yanakwama siku hizi kwa sababu nyingine kabisa, na kanuni zinabadilika haraka, hivyo kuhusu faili lenu ninyi muoneni wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mashirika mengi ya Kiyahudi yana watu hao ndani, bei yao ni ndogo au hakuna. Msimpelekee yule jamaa wa kujaza fomu pembeni mwa duka la simu. Nimeona familia zikilipa mamia ya dola kwa fomu iliyojazwa vibaya.

Tuje kwa Wayahudi wenyewe. Mumeo huenda hajui kwamba tayari ameshaishi jirani nao. HIAS, shirika la wakimbizi ambalo limefanya kazi Nairobi na kwingine Afrika Mashariki, ni la Kiyahudi. Lilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Wayahudi walipokuwa wakikimbia mauaji ya Urusi na kushukia New York na mabegi ya kamba. Wahitaji wa Kiyahudi walipopungua, shirika halikufunga mlango, likaanza kupokea Wavietnamu, Wasomali, Wakongomani. Wenyewe husema zamani waliwasaidia wakimbizi kwa sababu wakimbizi walikuwa Wayahudi, leo wanasaidia kwa sababu wao wasaidizi ni Wayahudi. Katika miji mingi ya Marekani kazi ya kupokea familia uwanja wa ndege, kutafuta nyumba na kuwapeleka watoto kudungwa chanjo imefanywa na mashirika ya huduma za familia ya Kiyahudi yanayoshirikiana na HIAS. Pittsburgh ni mmoja wao.

Na Pittsburgh ililipa gharama yake. Jumamosi asubuhi ya tarehe 27 Oktoba 2018, mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Tree of Life, mtaa wa Squirrel Hill, akaua waumini 11. Muda mfupi kabla ya kuingia alikuwa ameandika mtandaoni kwamba HIAS inaleta wavamizi. Wavamizi hao, Mama, ni mimi na wewe. Kuna watu waliuawa wakisali na sababu moja iliyotajwa ilikuwa kwamba watu wao wanatupokea. Baada ya hapo Waislamu wa Marekani walichangishana zaidi ya dola 200,000 kuzisaidia familia za waliouawa na kujeruhiwa, na msikiti wa Pittsburgh ulikuwa mstari wa mbele. Mwambie mumeo kwamba kati ya Waislamu na Wayahudi wa mji huu kuna hesabu ya wema inayokwenda pande zote mbili. Ya Mashariki ya Kati anayoyaona kwenye simu yapo, yanauma, na hakuna atakayemdai ayakane mlangoni kwa sababu ya kopo la samaki.

Kuhusu kubadilishwa dini, hapa nacheka kidogo. Dini ya Kiyahudi haitafuti waumini. Kwa desturi yao ya zamani, mtu akienda kwa rabi, kiongozi wao wa dini, kuomba kuingia dini yao, rabi humrudisha kwanza, wengine hadi mara tatu, waone kama kweli amekusudia. Katika miaka yangu yote ya kusindikiza akina mama kwenye maghala ya chakula, niliowaona wakiombewa kwa nguvu kabla ya kupewa mfuko hawakuwa kwenye maghala ya Wayahudi.

Neno la kazi yao utalielewa bila mkalimani. Wanasema tsedaka. Ni ndugu wa damu wa sadaka yetu, mzizi mmoja wa Kisemiti, ila kwao neno hilo limebaki karibu zaidi na haki kuliko huruma. Katika Torati mwenye shamba anaambiwa asivune pembe zote na asirudi kuokota masazo, maana hayo ni ya maskini na mgeni. Si kwamba anawapa. Ni yao, yeye akiyavuna amewapunja. Ruthu, ambaye majirani zako Wapentekoste wanamhubiri kila Siku ya Mama, alikuwa mgeni aliyekwenda kuchukua fungu lake. Tena Musa bin Maimun, mwanachuoni wao aliyezaliwa Kordoba na kuwa tabibu huko Misri zama za Salahuddin, akafa 1204, alipanga utoaji katika ngazi nane. Ngazi ya chini ni kutoa kwa kununa. Karibu na juu ni pale mtoaji na mpokeaji wasipojuana kabisa. Ya juu kuliko zote ni kumpa mtu kazi, ubia au mkopo ili asihitaji tena kupewa. Huko Los Angeles Wayahudi wana mpango wa chakula unaoitwa SOVA, neno la Kiebrania la kula ukatosheka, na hilo nalo ni ndugu wa kushiba kwetu. Mimi huwa nawaambia wanawake waingie humo na masikio wazi, watasikia maneno wanayoyajua.

Halafu kuna meza yenyewe. Ghala la Squirrel Hill, lililo chini ya Jewish Family and Community Services, ni la kosheri, yaani chakula kinachoruhusiwa na dini yao, na kwa Mwislamu hiyo ni nafuu kubwa kuliko maghala mengi ya mjini. Nguruwe hayumo. Hutagundua nyumbani kwamba kopo la maharage lilikuwa na mafuta ya nguruwe, jambo linalotokea sana na maharage ya kopo ya Marekani. Jifunze alama: herufi U ndani ya duara ndiyo utakayoiona zaidi. Ikiwa na D pembeni, kuna maziwa. Ikiwa na P, maana yake inafaa kwa Pasaka yao; kuna mama mmoja alirudisha boksi zima akidhani P ni ya nguruwe. Herufi K ikiwa peke yake, bila duara wala nembo, haina mwenye kuilinda, hivyo soma viungo, hasa jelatini. Jambo moja kosheri haikulindi nalo: pombe. Kwao divai halali yao ipo, na vanila ya maji huwa imetengenezwa kwa kileo. Nyama ya kosheri huchinjwa kwa kisu kikali kooni, na wanazuoni wetu wengine wanaikubali kama chakula cha Ahlul Kitab, wengine wanataka ya halali tu. Hilo mumeo amuulize shehe wake, mimi ni mtu wa lishe. Ukiona shaka, chukua samaki, mayai na nafaka, nyama waachie wengine.

Kalenda ndiyo inayowapiga chenga wageni kuliko dini. Jumamosi mlango umefungwa, ni Sabato, na Ijumaa wanafunga mapema. Watu wetu wanaofanya kazi wiki nzima huenda Jumamosi, wanakuta kufuli, wanarudi wakisema tumekataliwa. Septemba na Oktoba kuna sikukuu mfululizo, piga simu kwanza. Kwenye Pasaka yao, siku nane mwezi wa tatu au wa nne, mikate na tambi huondolewa, utakuta mkate mkavu kama kadibodi unaoitwa matza. Watoto wangu waliupenda na chai ya maziwa.

Utaratibu ni huu. Piga simu au jaza fomu mara ya kwanza: jina, anwani, watu wangapi nyumbani, na kipato kwa kauli yako mwenyewe. Beba bili yenye anwani. Kwa chakula kinachotoka Wizara ya Kilimo, kiitwacho TEFAP, utasaini kwamba kipato chako hakijavuka kiwango cha jimbo. Maghala mengi yana mipaka ya mitaa, hivyo ukiambiwa mtaa wako haumo, usione umefukuzwa, uliza "basi langu ni lipi?" au piga 211, namba ya bure ya misaada, useme "Swahili" usubiri mkalimani. Maghala mengi sasa unachagua mwenyewe rafuni kwa kigari, kama dukani. Hapa nakuomba usiwe na haya: usichukue usichokula. Bamia ya kopo ikikaa kabatini kwako mwaka mzima haijamsaidia mtu.

Na unachoweza kula kipo kingi kuliko kinavyoonekana. Siagi ya karanga ya bure ni sombe yako hiyo, kisamvu chako. Chukua mboga yoyote ya kijani iliyogandishwa, spinachi au sukuma, ichemshe na kitunguu, koroga vijiko vitatu vya siagi ya karanga, tia mawese kama unayo. Hakikisha tu kopo halina sukari, maana Waamerika huweka sukari hata kwenye karanga. Maharage ya kopo mwaga maji yake yote, suuza mara mbili, chumvi nyingi inaondoka na yale maji. Unga wa mahindi wa ghala ni wa njano na una chenga; changanya na unga wa muhogo wa duka la Kiafrika, bugali utakaa. Samaki wa kopo mwenye mifupa laini mwachie mifupa yake, ni kalisiamu ya bure kwa watoto, mle kama mlivyokula ndagala. Tarehe iliyochapwa juu ya kopo ni ya ubora, kopo lililopita miezi michache bado linalika. Lililovimba au kuvuja tupa bila kuonja. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga pekee ndiyo tarehe yake uiheshimu kama sheria, kwa sababu ni sheria.

Sasa welnesi, neno linalomtisha mumeo. Kwa Kiswahili ningeliita afya na utulivu wa maisha, na kwa vitendo ni vitu vya kawaida mno: nesi anapima presha na sukari, wanawake wanatembea pamoja bustanini, kuna darasa la kupika, la kushona, la Kiingereza, mtu anaeleza namna ya kumpata daktari, kisha chai. Katika vikundi vingine unapewa fomu ya maswali kumi na tano iliyotengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi, ipo kwa Kiswahili pia. Haiulizi kama una kichaa. Inauliza kama mwili unauma, kama unalia ovyo, kama unashtuka, kama una mawazo mengi kupita kiasi. Hayo "mawazo mengi" tuliyasikia kila siku Nyarugusu, wala hatukuwahi kuyaita wazimu. Mtu aliyekimbia Kivu, akazaa kambini, akalala usiku wa kwanza katika nyumba yenye theluji mlangoni, akiwa na mawazo mengi nitashangaa nini? Fomu hiyo ni ya kuchuja tu. Alama zikiwa juu unapendekezewa kuongea na mtaalamu, na unaweza kusema hapana.

Hapo kwenye ukalimani uwe mkali. Shirika linalopokea fedha za serikali kuu lina wajibu wa kukupatia mkalimani bila malipo, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Usimtumie mtoto. Binti wa miaka kumi na mbili hapaswi kuwa mdomo wa mama yake anapoeleza yaliyompata njiani Fizi. Na sema wazi kwamba unataka Kiswahili cha Kongo. Niliwahi kuketi na mama ambaye mkalimani wa simu, kijana wa Nairobi, alimuuliza kama "anajihisi chini". Mama akatazama sakafu, akajibu kwamba hapana, amekaa kwenye kiti. Ikiwa mkalimani ni mtu wa msikiti wenu na hutaki ajue mambo yako, omba wa simu kutoka mji mwingine; huna haja ya kutoa sababu.

Kama kikundi hicho ni cha wanawake tu, uliza, na uliza pia kama kuna mahali pa kuswali Alasiri na kama kuna anayewatazama watoto. Maswali hayo hayawaudhi. Watu wao wenyewe wanaswali mara tatu kwa siku na wana wanaume na wanawake wasiopeana mikono.

La mwisho ni la mumeo peke yake, maana naona ni mwanaume wa kutaka kusimama. Pittsburgh kuna chama cha mikopo cha Wayahudi, Hebrew Free Loan Association, tangu 1887. Kinakopesha mtu wa dini yoyote, na kinakopesha bila riba. Narudia: bila riba. Torati inawakataza kumtoza riba mhitaji wao, nao wakaigeuza kuwa ofisi inayokopesha hata majirani. Wanataka wadhamini na unarejesha kidogo kidogo kila mwezi. Kama gari lake la kwendea kazini linakohoa, au anataka leseni ya kuendesha lori, aende akaulize. Ni ile ngazi ya nane ya Musa bin Maimun, ina meza, kiti na fomu.

Wewe nenda wiki hii, siku ambayo si Ijumaa mchana wala Jumamosi, na mifuko yako mwenyewe ya kitenge au turubai, maana ya plastiki hupasuka. Na baba watoto akisisitiza kubaki garini, usigombane naye. Wangu alikaa garini miezi miwili, kofia imeshuka hadi machoni, asije akaonwa na mtu wa Kigoma. Ilikuwa Januari, hita ya gari ikafa, akaingia ndani mwenyewe akiuliza kama kuna chai.